Debe la Mwalimu Yonas

Kiharusi kilimpata Mwalimu Yonas Bura mwezi wa sita, asubuhi, akiwa nyumbani kwake Gendabi anageuza maharage yaliyoanikwa kwenye turubai. Mkewe, Agatha, alimwona anakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Akamwita. Mwalimu akajaribu kuinuka, akashindwa, akamtazama mkewe kwa mshangao kama vile kuna mtu amemshika.

Aliporudi kutoka hospitali wiki tatu baadaye, mguu ulikuwa umeanza kupata nguvu. Alitembea kwa fimbo, anauburuza kidogo. Maneno nayo yalirudi, ila yalikuwa mazito mdomoni, yakitoka moja moja kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Alikuwa anaubeba kwa mkono wa kushoto na kuuweka mapajani, ukabaki hapo hapo alipouweka.

Kissa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyetoka Rungwe na kupangiwa kazi Hanang, alimpa mpira mdogo wa kuminya, akamwagiza pia awe anaokota maharage punje moja moja kutoka bakuli moja kwenda jingine.

"Mwalimu, hii miezi ya mwanzo ndiyo yenyewe," alimwambia. "Vidole vikikaa bila kazi vinasahau kabisa. Usinichoke, baba yangu."

Mwalimu alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa, na alipofika nyumbani akaamuru mpira uwekwe juu ya kabati. Maharage aliyarudisha jikoni yakapikwa.

"Miaka thelathini na minne... nimefundisha," alimwambia binti yake. "Leo nicheze... mpira wa mtoto?"

Binti huyo, Marieta, alikuwa fundi wa simu na kompyuta pale Katesh, mwenye kibanda kando ya barabara ya Babati kwenda Singida. Mjini alijulikana kwa ubishi wa kazi. Simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maziwa, mafundi wengine wakaikataa, ilikuwa inaishia mezani kwake, na mara nyingi ilitoka hapo ikiwa inaita. Kila Jumatano mchana na kila Jumapili baada ya misa alipanda pikipiki kwenda Gendabi kumwona baba yake, na kila alipofika alikuta mkono uko pale pale mapajani na mpira uko pale pale juu ya kabati. Jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Baba aliyemfundisha kutokubali kushindwa na hesabu ya mafungu alikuwa amekubali kushindwa na mpira.

Kissa alimdokeza kwamba siku hizi kuna michezo ya kompyuta iliyotengenezwa mahsusi kwa wagonjwa wa kiharusi. Marieta akautafuta mmoja. Ulichukua nusu siku kushuka kutoka mtandaoni, ukala nafasi kubwa kwenye kompyuta yake nzuri ya kupakata. Jumatano hiyo akaubeba hadi Gendabi, akaweka kompyuta mezani, akaufungua. Ukadai intaneti. Mtandao wa Gendabi unapatikana ukisimama karibu na zizi, kwa hiyo Marieta akasimama karibu na zizi akiwa ameinua simu juu, hadi picha ikatokea. Picha yenyewe ilikuwa nzuri sana, bustani yenye vipepeo, lakini ilikuwa inaruka ruka na kuganda. Feni ya kompyuta ikaanza kuunguruma. Kabla Mwalimu hajavuka ukurasa wa kumkaribisha, betri ikaisha.

"Inapiga kelele... kama mashine ya kusaga," Mwalimu alisema. "Unga... sijauona."

Agatha alicheka hadi akajifuta macho kwa kanga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita mumewe kutania. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka sufuria aliyoazimwa na jirani, "Kwa nini usimletee ule wake? Ule wa debe."

Marieta alisimama na waya wa chaji mkononi.

Aliukumbuka. Alikuwa na miaka mitano, wakati huo baba yake akifundisha Mbulu. Wageni fulani walikuwa wameacha kompyuta moja kwenye kituo cha walimu, kubwa kama friji ndogo, na hakuna aliyejua kuitumia. Mwalimu Yonas alijifunza peke yake kwa kitabu kisicho na jalada, likizo mbili mfululizo, na likizo ya tatu akaandika mchezo wake mwenyewe. Skrini ilikuwa nyeusi, maandishi ya kijani. Punje za mahindi, ambazo zilikuwa herufi o tu, zilianguka kutoka juu, na wewe ulisogeza debe kwa vitufe vya mishale kulia na kushoto uzikinge. Ukikosa punje tatu, maandishi makubwa yanakuja: UMEMWAGA MAHINDI YA SHULE. Marieta aliinuliwa kwa kuketishwa juu ya kamusi mbili ili afikie vitufe.

Disketi yenye mchezo huo ilikuwa ndani ya sanduku la bati la Mwalimu, pamoja na vyeti. Hakuna kompyuta Katesh iliyokuwa na tundu la kuipokea. Marieta akaazima kisomeo kutoka kwa fundi mwenzake wa Babati, akaiingiza, kikatoa mlio wa kukwaruza na kunyamaza. Alipoifungua aliona ukungu mweupe umetanda ndani. Mtu mwingine angeishia hapo. Marieta akarudi Gendabi Jumapili iliyofuata, akamwaga kila kilichokuwemo kwenye sanduku lile juu ya kitanda. Chini kabisa, chini ya barua za uhamisho, akakuta karatasi ndefu zilizoungana, zenye vitundu pembeni pande zote mbili. Ilikuwa ni programu nzima, imechapishwa mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake. Kurasa kumi na moja.

Akapata mtandaoni programu ya bure inayoelewa lugha ile ya zamani, akaanza kuandika upya. Aliandika kibandani kati ya mteja na mteja, siku nne. Wino ulikuwa umefifia. Mahali pengine hakujua kama ni nane au tatu, ikabidi ajaribu zote mbili. Alipomaliza aliangalia ukubwa wa kazi yote akadhani amekosea. Picha moja ya simu, ya mbuzi wa mteja fulani, ilikuwa na uzito wa michezo mia kama ule. Na hapo ndani mlikuwa na punje, debe, alama, viwango vitano na karipio la mwalimu.

Jumapili aliweka kompyuta mbele ya baba yake. Hakukuwa na kusubiri. Alibonyeza, na skrini nyeusi ikatokea saa hiyo hiyo na jina: DEBE. UMETUNGWA NA Y. BURA.

Mwalimu alitazama jina lile muda mrefu. Kisha, bila kuambiwa, akaubeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto akauweka juu ya vitufe vya mishale.

Marieta akabonyeza kuanza.

UMEMWAGA MAHINDI YA SHULE.

Hawakuona hata punje moja. Akabonyeza tena. Karipio likaja lile lile, kabla kidole cha Mwalimu hakijatikisika. Mara ya tatu vile vile. Mwalimu akaondoa mkono wake juu ya vitufe, akachukua fimbo, akainuka.

"Baba, ngoja kidogo, nitaurekebisha."

"Nimeshindwa... hata kabla..." Hakumaliza. Akatoka nje, akaenda kusimama kwenye uzio, mgongo kwao.

Marieta alirudi Katesh, na pikipiki ilipokuwa inashuka kuelekea mjini tayari alikuwa anafikiria ni wapi pa kuanzia. Kesho yake alizisoma zile kurasa upya, safari hii kama fundi, si kama mpiga chapa. Kwenye mstari wa mia tatu arobaini akakuta kitu cha ajabu. Kila punje iliposhuka hatua moja, programu iliiambia mashine ihesabu moja hadi elfu moja mia tano, bila kufanya chochote, ndipo iendelee. Ilikuwa ni njia ya kuipotezea muda. Mashine ile ya Mbulu ilikuwa nzito, na kuhesabu huko kulitosha kumpa mtu nafasi ya kusogeza debe. Kompyuta hii ilikuwa inamaliza kuhesabu kabla jicho halijapepesa. Punje zote zilikuwa zinaanguka kwa mkupuo.

Akabadilisha idadi. Akaweka milioni kumi na tano, akajaribu, akaongeza, akapunguza, hadi punje zikawa zinashuka kwa utulivu. Akafurahi. Jumatano akaenda nayo Gendabi, na pale mezani kwa baba yake mambo yakaharibika upya. Kompyuta ilipokuwa kwenye betri ilijipunguza kasi yenyewe, punje zikaning'inia hewani kama zimegandishwa. Alipochomeka chaji zikamwagika zote. Na feni ikaanza kuunguruma kama siku ile ya vipepeo, maana mashine ilikuwa inahesabu kwa nguvu zake zote, mamilioni kwa mamilioni, kwa ajili ya punje moja.

Marieta alikuwa ameinama juu ya vitufe, amekasirika, aliposikia sauti nyuma yake.

"Mia tatu... arobaini."

Aligeuka. Baba yake alikuwa amesimama, ameegemea fimbo, anasoma skrini.

"Unaukumbuka, baba? Mstari wenyewe?"

"Ni kosa... langu." Alivuta kiti kwa mguu ule mzima, akaketi. "Nilipima... kwa mashine ile. Nikadhani mashine... zote... ni ile."

"Sasa tufanyeje?"

Mkononi Marieta alikuwa na simu. Angesogea karibu na zizi, angepata jibu kwa dakika tano. Pengine alishalijua nusu yake. Alimtazama baba yake. Macho yake hayakuwa yale ya miezi miwili iliyopita, yaliyokuwa yanatazama ukuta. Yalikuwa yanakwenda mstari kwa mstari, yanarudi, yanakwenda tena. Marieta akaiweka simu ndani ya mkoba na kufunga zipu.

"Niambie wewe, baba. Programu ni yako."

Mwalimu alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, lilionekana usoni mwake, lakini halikutoka. Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ikasimama. Agatha alikuwa mlangoni na sinia la mchele, akataka kusema kitu. Marieta akamzuia kwa jicho. Mwalimu akapiga fimbo sakafuni kwa hasira, akainyoosha, akaelekeza ukutani.

Pale ukutani palikuwa na kalenda ya parokia, picha ya harusi, na saa.

"Saa," alisema Marieta.

"Saa!" alisema Mwalimu, na neno likatoka zima. "Isihesabu. Iulize... saa. Mashine hata iwe... na mbio gani... saa haiwezi... kukimbizwa."

Marieta alisogeza vidole vyake kwenye vitufe. Baba yake akamwondoa mkono, si kwa ukali, kama alivyokuwa anawaondoa wanafunzi ubaoni wanapoharibu. Akaanza kuandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja, herufi moja moja. Akafika kwenye mabano. Alama ya mabano inataka vitufe viwili vibonyezwe kwa pamoja, kimoja kimeshikiliwa huku kingine kinapigwa. Akasimama. Akatazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani.

Akaubeba, akauweka, akakilaza kidole cha shahada juu ya kitufe cha kushikilia. Akapiga kwa kushoto. Ikatokea tisa, inayokaa kitufe kimoja na mabano hayo. Kidole hakikuwa na uzito wa kutosha. Akafuta. Akajaribu tena, ikatokea tisa. Akafuta. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Marieta alikuwa amekalia mikono yake yote miwili ili isije ikamsaidia. Tisa. Tisa tena. Ng'ombe wa jirani yao wakapita nje na kengele zao, mbwa akawabwekea, akanyamaza. Mwalimu hakuinua kichwa.

Kisha yakatokea mabano.

Mwalimu akameza mate, akaendelea. Yalikuwa yamebaki mabano ya kufungia, na mistari mingine mitatu. Kazi ambayo Marieta angeifanya kwa muda wa kunywa kikombe cha chai ilichukua mchana mzima, na wali uliiva, ukapoa, ukapashwa moto tena.

Punje zilianza kushuka kwa utaratibu, chaji ikiwemo au isiwemo. Lakini feni ilikuwa bado inaunguruma, na Mwalimu akaikazia macho.

"Mbona... bado?"

"Kwa sababu inauliza saa bila kupumzika, baba. Mara maelfu kwa kila sekunde. Hizi za sasa zinaweza kuambiwa zilale. Iulize saa, ilale kidogo sana, iamke, iulize tena."

"Kulala?"

"Ndiyo. Sehemu ya mia ya sekunde inatosha."

Mwalimu aliifikiria hiyo. Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda juu. "Ile ya kwangu... haikujua... usingizi." Akasogeza kiti karibu. "Andika. Huo... wako."

Marieta akaongeza mstari mmoja. Feni ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Walikaa wakiusikiliza ukimya wake. Umeme ulikatika kabla jioni haijaingia, kama kawaida, nao hawakujua hadi Agatha alipokuja kusema. Saa nzima ya mchezo ilikuwa imekula betri kidogo kuliko dakika ishirini za vipepeo.

Marieta aliiacha kompyuta ile Gendabi. Pale kibandani akawa anatumia ya zamani yenye kioo kilichopasuka, wateja wakamcheka, akawaacha wacheke.

Mwalimu alijiwekea sheria. Mkono wa kushoto ulikaa ndani ya mfuko wa koti, akiwa mezani usitoke kwa sababu yoyote. Wiki ya kwanza alimwaga mahindi ya shule kila alipocheza. Karipio lake mwenyewe lilimjia mara hamsini kwa siku. Alikuwa ameweka mwendo wa polepole kabisa, punje moja inashuka muda wa kutosha mtu kuvuka uwanja, na bado kidole hakikufika. Wiki ya tatu akakinga punje nne. Aliandika nne hiyo kwenye kalenda ya parokia, kwa mkono wa kushoto. Wiki ya sita akapandisha mwendo. Siku nyingine mkono uligoma kabisa, akatukana kwa Kiiraqw maneno ambayo Agatha hakuwahi kuyasikia kwake kwa miaka arobaini ya ndoa, akanywa maji, akarudi mezani.

Mwezi wa kumi Kissa alikuja Gendabi akiwa kwenye mzunguko wake wa wagonjwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti... uone."

Alimwonyesha. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilikwenda kulia, vikarudi kushoto, kwa kuchelewa lakini kwa kutii. Punje kumi na tisa mfululizo. Kissa alitazama hadi mwisho, akaushika mkono ule, akakunja kila kidole, akakikunjua, akajaza fomu yake.

"Mwalimu, sitakudanganya," alisema. "Hivi vidole viwili vimerudi vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini mkono mzima hautakuwa kama zamani. Na kidole gumba hakijafanya kazi yoyote. Bila gumba huwezi kushika kitu."

Marieta aliogopa. Alimtazama baba yake akitegemea kuona ule uso wa kutazama ukuta.

Mwalimu alikuwa anaangalia vitufe. "Gumba," alisema. "Debe halina... kazi ya gumba." Akafikiri. "Nitaiweka."

"Ipi, Mwalimu?" Kissa aliuliza.

"Panya."

Alikiandika kipande hicho wiki tatu, peke yake, bila kumwachia Marieta hata alama moja. Panya alikuwa herufi p, akitokea pembeni ya skrini na kukimbilia kwenye debe lililojaa. Kumzuia ilibidi ufunge kifuniko kwa kile kitufe kirefu cha chini, ambacho, vidole viwili vikiwa kwenye mishale, hakina kidole kingine cha kukifikia ila gumba. Alipokamilisha akamwita Agatha awe wa kwanza kujaribu. Panya wakamlia debe zima, na Agatha akaapa kuwa mchezo huo ni wa kishetani.

Mwezi wa kumi na mbili ukapita, Krismasi ikapita. Mwandiko wa Mwalimu ulirudi, mbaya, umeinama, lakini unasomeka. Kufunga vifungo vya shati hakukurudi. Maneno yaliendelea kuwa mazito, ingawa kwenye mlango ule sasa walikuwa wanapita wawili wawili.

Jumapili moja ya Januari walikuwa wanakula mchana wote watatu. Mwalimu hakuchukua kijiko. Alipeleka mkono wa kulia kwenye ugali, akamega, tonge likadondoka mezani. Akamega tena, likafika nusu ya safari likadondoka kwenye mboga, mchuzi ukamrukia Marieta kwenye blauzi ya kanisani. Agatha alinyoosha mkono amsaidie.

"Mama Marieta," Mwalimu alisema, "acha."

Agatha akarudisha mkono. Mwalimu akamega mara ya tatu. Gumba likatetemeka, likabana. Akachovya, akainua, na tonge likaingia mdomoni.

Alitafuna bila haraka, akameza. Kisha akamwambia Marieta kwamba panya siku hizi wanakuja polepole mno, na kwamba akishanawa awashe kompyuta, kuna mstari anataka waubadilishe.